Shajara ya matumizi ya kaya: inaandikwa nini, na inapimia nini

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ni kazi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ya kujua kaya za Tanzania Bara zinatumia nini, kiasi gani na kwa shilingi ngapi. Ulifanyika mwaka 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Zanzibar ina wa kwake, chini ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Chombo chake kikuu ni shajara, daftari ambamo kaya huandika matumizi yake ya kila siku.

Wengi wakimwona mdadisi, yaani mtu anayehoji kaya kwa niaba ya utafiti, mlangoni hudhani amekuja kuuliza bei. Bei zina watu wake, wanaopita masokoni na madukani. Kaya inaombwa jambo ambalo mwenye duka hawezi kulijua: katika kila shilingi elfu moja mnayotumia nyumbani, ngapi zinakwenda kwenye unga, ngapi kwenye nauli, ngapi kwenye vocha. Mgawanyo huo ndio huitwa mizania, na bila huo mfumuko wa bei haupigiki hesabu. Chumvi na mkaa vikipanda kwa asilimia 20 vyote viwili, haviumizi sawa.

Tazama uzito wake. Fahirisi ya bei ni namba inayoonyesha bei kwa ujumla zimepanda au kushuka kiasi gani tangu mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kulinganishia. Ile ya mwaka wa kizio 2015, iliyotegemea utafiti wa 2011/12, ilivipa vyakula na vinywaji visivyo na kilevi mizania ya asilimia 38.5. Fahirisi ya mwaka wa kizio 2020, iliyotegemea utafiti wa 2017/18, ilivipa asilimia 28.2. Maana yake, chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vikatulia, hesabu ya kwanza inasukuma fahirisi kwa karibu asilimia 3.9, ya pili kwa 2.8 tu. Soko lilelile, bei zilezile. Kilichobadilika ni yale yaliyoandikwa kwenye shajara.

Kaya hazichaguliwi kwa kujuana. Mwaka 2017/18 yalichaguliwa kwanza maeneo 796 ya kuhesabia watu, kaya zote za kila eneo zikaorodheshwa upya, kisha zikachaguliwa 12 kwa bahati nasibu: jumla kaya 9,552. Kwa hiyo kaya yenu ikikataa, jirani aliye tayari hawezi kuchukua nafasi hiyo kwa sababu tu yupo nyumbani. Wanaopatikana mchana na wasiopatikana hawanunui vitu vilevile, na ukiwabadilisha hivyo sampuli inalalia upande mmoja.

Kaya, kwa maana ya utafiti, ni wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba ya wapangaji sita wenye majiko sita ni kaya sita. Msaidizi wa kazi anayelala na kula hapo ni mwanakaya, ingawa hana undugu na yeyote. Hili likikosewa mwanzoni, kila hesabu ya kwa kila mtu inapotoka, hata kama shajara imejazwa vizuri.

Kazi yenyewe iko kwenye shajara. Katika utafiti wa 2017/18 ilijazwa kwa siku 14. Mwaka 2011/12 zilikuwa 28. Vitu vinavyonunuliwa mara chache, kama godoro, simu au ada ya shule, haviachiwi shajara. Mdadisi huviulizia kwa kipindi kirefu zaidi. Shajara ni ya mambo ya kila siku, na kila mstari unataka vitu vinne: kitu gani, kiasi gani, kilipatikana vipi, kwa shilingi ngapi.

“Mboga, 2,000” haimsaidii mtu. “Mchicha mafungu 2, nyanya fungu 1, kitunguu 1” ikiwa na bei ya kila kimoja, hiyo inafanya kazi. Fungu na sado (kopo la kupimia sokoni) si vipimo vilivyo sawa kila soko, kwa hiyo mdadisi akija na mzani mwonyesheni fungu kabla halijaingia sufuriani. Unga wa mahindi ya shambani mwenu nao unaandikwa siku unapotolewa ghalani, kwa bei ambayo ungenunuliwa hapo kijijini. Ukiachwa, mkulima anayekula vizuri ataonekana ana njaa. Samaki mliyeletewa na shemeji anaandikwa kama zawadi. Mlichochukua dukani kwa mkopo kinaandikwa siku mlipokichukua. Mkikiandika tena siku ya kulipa deni, kimehesabiwa mara mbili. Anayeuza chapati atenge unga wa biashara na unga wa nyumbani, la sivyo kaya ya watu wanne itaonekana inakula kilo tano kwa siku.

Yanayopotea mara nyingi si makubwa. Ni chai na andazi alivyokula baba kazini, nauli ya bodaboda, vocha ya kijana, wali wa mama lishe. Mwenye shajara hakuwepo, na aliyekuwepo hakuulizwa. Kwa sababu hiyo kila mwanakaya anayeshika hela zake aulizwe kila jioni, kwa jina lake. Kuna kaya ambamo mtu hapendi mwenzake ajue anatumia nini. Huyo azungumze na mdadisi peke yake, ni haki yake.

Hatari ya pili ni uchovu. Siku tatu za kwanza kurasa hujaa, wiki ya pili mistari inapungua ilhali watu wanakula kama kawaida. Mdadisi mzuri hurudi mara kwa mara, na pasipo na anayejua kuandika hujaza yeye mwenyewe kwa kuuliza.

Utafiti wa 2017/18 uliendelea mwaka mzima, Desemba 2017 hadi Novemba 2018, kaya tofauti zikishika zamu miezi tofauti. Ungefanyika wakati wa mavuno tu, au Ramadhani tu, ungepima msimu badala ya mwaka. Kutokana na shajara hizo ulipatikana pia mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini: shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakawa chini yake.

Hofu ya kodi inaeleweka. Sheria ya Takwimu, Sura 351, inakataza kutoa taarifa zinazomtambulisha mtu au kaya, na kinachochapishwa ni jumla na wastani. Mdadisi lazima awe na kitambulisho. Mkiwa na shaka, muulizeni mwenyekiti wa mtaa au kitongoji kabla ya kujibu chochote.

Siku ikipita bila kuandikwa, msiijaze kwa kunakili ya jana. Iacheni wazi na mmwambie mdadisi mapema, angali anaweza kuwasaidia kukumbuka. Na siku ambayo kweli hamkununua kitu, andikeni hivyo, kisha mwandike mlichokula na kilikotoka.