Kayaki, Ukungu na Maji Baridi: Maswali na Majibu kwa Wapiga Kafi wa Pwani ya Maine

Pwani ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ni ya miamba na visiwa vingi, na Juni na Julai ukungu unaweza kukaa siku nzima. Miji ya Portland na Lewiston ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na baadhi yao wamekulia kwenye maji. Wanachokutana nacho upya huko si bahari, ni baridi yake.

Je, ukungu wenyewe una madhara kwa afya?

Wenyewe hauna, ila unakupa habari. Upepo wa kusini-magharibi huleta hewa ya joto yenye unyevu. Ikipita juu ya bahari baridi, unyevu ule hugeuka matone. Kwa hiyo ukungu mzito siku ya joto ni bahari inakutangazia kuwa yenyewe bado ni baridi. Mwezi Mei maji ya Casco Bay, mbele ya Portland, huwa karibu nyuzi 9 au 10 za Selsiasi. Agosti, baada ya kupashwa na kiangazi kizima, hupanda kufika kama 17. Ya Zanzibar huzunguka kwenye 25 hadi 29. Usikisie kwa kuchovya kidole ufukweni, maana pale kwenye kina kifupi jua limekwisha kuyapasha. Angalia kipimo cha boya nambari 44007 la NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, lililotia nanga nje ya Portland.

Mimi ni mwogeleaji hodari, nimevuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi tangu utotoni. Bado niogope?

Ndiyo, kwa sababu baridi humwangusha mwogeleaji kabla hajapata nafasi ya kuogelea. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameieneza hesabu rahisi: dakika 1, dakika 10, saa 1.

Dakika ya kwanza ni ya pumzi. Ukitumbukia, kifua huvuta hewa kwa nguvu bila ruhusa yako, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji baridi mgongoni, kisha unahema mfululizo na moyo unakwenda mbio. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa pumzi ile ya kwanza, unavuta maji badala ya hewa. Mshtuko huu hufikia kilele chake maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 15, yaani hayahitaji kuwa na barafu. Kazi yako dakika hiyo ni moja: shika kayaki, acha jaketi okozi likubebe, toa pumzi polepole kwa mdomo mpaka mhemo utulie. Usianze kuogelea.

Dakika 10 zinazofuata ni za mikono. Damu inaondoka vidoleni, misuli na neva zinapoa, na kufunga kifungo kunakuwa kazi. Lolote linalohitaji vidole, iwe redio, kamba au kurudi kayakini, lifanyike humo. Saa 1 ndiyo muda wa wastani kabla mtu mzima hajapoteza fahamu kwa kupoa. Wengi wanaokufa kwenye maji baridi hawafiki huko. Huzama ndani ya zile dakika za mwanzo, na mara nyingi bila jaketi mwilini. Jaketi lililofungwa kwenye sitaha halina faida yoyote. Hutalivaa ukiwa majini.

Nivae nini, ikiwa hewa ni ya joto lakini maji ni baridi?

Vaa kwa ajili ya maji. Kuna kanuni ya mitaani inayosema jumlisha joto la hewa na la maji kwa Farenhaiti, ukipata 120 uko salama. Haifai. Hewa ya 75 na maji ya 45 yanatoa 120 barabara, na maji ya 45 ni nyuzi 7 za Selsiasi. Wataalamu wa maji baridi Marekani hutaka tahadhari ianze maji yakiwa chini ya nyuzi 21, na kwa kipimo hicho Maine ni baridi mwaka mzima.

Chini ya nyuzi 15 vaa suti kavu, ile yenye mipira inayobana shingoni na mikononi, na ndani yake sufu au nguo za poliesta, kwa sababu suti kavu haina joto lake yenyewe. Kosa la kawaida ni zipu kuachwa wazi sentimita 5 kwa ajili ya upepo: ukianguka, suti inajaa maji. Funga kabisa, kisha chuchumaa, vuta kidogo mpira wa shingo na toa hewa iliyobaki. Maji yakiwa 15 hadi 18, suti ya neoprini ya milimita 3 hutosha wengi. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Zikilowa, hata kwa mvua tu, zinakaa na maji yao na upepo unakupoza humo humo. Vaa kofia inayofunika masikio. Beba seti kamili ya nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji.

Nikipinduka, nirudije ndani?

Usiache chombo. Kayaki huonekana kuliko kichwa, na kuogelea hadi kisiwa "cha karibu" kwenye ukungu ni kamari. Mwenzako alete kayaki yake iwe pembe mraba na omo (mbele) la yako, avute omo juu ya sitaha yake kayaki yako ikiwa bado imepinduka, na maji yatamwagika yenyewe kutoka kwenye tundu la kukalia. Kisha aigeuze, aiweke ubavuni mwa yake, omo la moja likitazama tezi (nyuma) ya nyingine, aikumbatie kwa uzito wake wote. Wewe lala kifudifudi juu ya sitaha ya nyuma huku ukipiga teke, ingiza miguu tunduni, jigeuze taratibu upande wa mwenzako, ukae. Fua maji yaliyobaki kwa pampu ya mkono kabla hamjaachana.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni papara: mtu anajivuta juu kwa mikono badala ya kupiga teke, au anaachia kafi likapotea. Waliozoea humaliza ndani ya dakika 3. Fanyeni mazoezi karibu na ufuko, mkiwa na nguo zile zile za safari.

Nitajuaje kwamba mwenzangu anapoa?

Yeye hatakuambia, maana ubongo unapoa pamoja naye. Sikiliza anavyoongea na tazama kafi lake. Anabaki nyuma, kafi linapiga maji juu juu, majibu yamekuwa mafupi au ya ukali usio wake, maneno yanavutana. Mwambie aguse kidole cha mwisho kwa dole gumba la mkono huo huo. Akishindwa, safari imekwisha. Tafuteni pa kutua.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni haipothemia. Kati ya 35 na 32 mtu hutetemeka sana ila yuko macho. Chini ya hapo anachanganyikiwa, na kutetemeka kunapungua kisha kunakoma. Wenzake hudhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha.

Tukimfikisha nchi kavu, tufanye nini?

Mlazeni, msimtembeze. Wekeni kitu chini yake kwanza, hata majaketi okozi, kwa sababu mwamba baridi hunyonya joto. Vueni nguo mbichi, zikateni ikibidi, mvisheni kavu, mmfunge mzimamzima kwa blanketi au mfuko wa kulalia, na nje yake turubai la plastiki. Chupa za maji moto zilizozungushiwa kitambaa ziwekwe kifuani na kwapani. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni chai ya uvuguvugu yenye sukari nyingi. Akae hivyo angalau dakika 30 kabla ya kusimama.

Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, na joto kidogo lililobaki ndani linatoka nje. Aliyeacha kutetemeka au asiyejitambua ashikwe kama yai: mtikiso unaweza kuuvuruga moyo uliopoa. Mtafuteni mapigo na pumzi kwa dakika nzima kabla ya kusema hayapo. Yasipopatikana, mkandamizeni kifua na mmpulizie pumzi hadi wasaidizi wafike. Mwaka 1999 huko Norwei mtu aliyefika nyuzi 13.7 alifufuliwa akapona.

Mbona nasikia kichefuchefu bahari ikiwa shwari?

Kwa sababu ya ukungu. Sikio la ndani linahisi mawimbi, macho hayaoni upeo wa kulinganisha nao. Endelea kupiga kafi, tazama kayaki ya mwenzako na si ramani iliyo mapajani. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu huleta usingizi, kwa hiyo vijaribu nyumbani kabla ya kuvitegemea majini.

Nina presha, au kisukari, au pumu. Niache?

Si lazima, ila zungumza na daktari ukimtajia maji baridi kwa jina, usiseme "mazoezi" tu. Mshtuko wa baridi hupandisha presha na mapigo kwa ghafla. Kwa mwenye kisukari, kutetemeka hula sukari upesi, na sukari ikishuka dalili zake hufanana na za kupoa: ukali, kigugumizi, mikono mizito. Mkishindwa kutofautisha na bado anameza, mpeni kitu kitamu. Kinasaidia yote mawili. Pampu ya pumu ikae mfukoni mwa jaketi, si kwenye shimo la mizigo la nyuma.

Kunywa maji pia, ingawa kuna mvua na hujisikii kiu. Baridi huongeza mkojo.

Tukipotea kwenye ukungu je?

Kaeni mnaonana. Kwa mwendo wa maili 3 za baharini kwa saa, maili 1 ni dakika 20. Andika saa mliyoondoka. Usielekeze dira kwenye gati lenyewe, elekeza makusudi upande mmoja wake, ili ukigusa nchi ujue pa kugeukia. Maboya ya mitego ya kambakoche yatakuonyesha mkondo: upande wenye mchirizi wa maji ndiko maji yanakoelekea. Boti za wavuvi huenda zisikuone hata kwa rada, kwa hiyo vuka mlango wa bahari kwa njia fupi, mkiwa kundi, na pigeni filimbi angalau kila dakika 2. Hatari ikija, kwenye redio ya baharini (VHF) ita kwa chaneli 16: "Mayday" mara tatu, mlipo, idadi yenu, tatizo.

Nilimeza maji nikapona. Nimwone daktari?

Kama ni mdomoni na tumboni tu, na hukohoi, hapana. Kama maji yaliingia kifuani, mtu akuangalie kwa saa 8. Kikohozi kisichokoma, kuhema haraka, povu mdomoni au usingizi usio wa kawaida: piga 911 hapo hapo, usisubiri asubuhi.