Tiba ya sanaa na sanaa kwa ustawi

Vijana wanachora Jumamosi kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa, bango linaandikwa "tiba ya sanaa". Kwaya ya wajane, tiba. Watoto wanafinyanga udongo, nayo tiba. Neno limechoshwa.

Programu ya sanaa ya jamii kwa ajili ya afya ya akili ni mpango wa watu kukutana mara kwa mara kuimba, kuchora, kuigiza au kusuka, wakiongozwa na msanii, ili kupunguza upweke na msongo wa mawazo. Hapimwi mtu ugonjwa, wala hafunguliwi faili. Basi.

Tiba ni neno la asili ya Kiarabu, na tabibu ametoka shina hilohilo. Ukiahidi tiba umemwahidi mtu tabibu: anayempima, anayepanga matibabu, anayewajibika mambo yakiharibika. Jina la Kiingereza la tiba ya sanaa lilitoka kwa mchoraji, Adrian Hill, mwaka 1942, baada ya kuugua kifua kikuu na kujiliwaza kwa kuchora akiwa sanatoria, yaani hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Lakini fani imekua tangu hapo. Leo Uingereza cheo cha mtaalamu wa tiba ya sanaa kinalindwa na sheria. Anayekitumia sharti awe amesomea hadi shahada ya uzamili na kusajiliwa.

Neno linalofaa tunalo: ustawi. Mahindi hustawi, na hakuna anayeyatibu ili yastawi. Hupaliliwa, yakapata maji na nafasi. Nadhani tunalikwepa kwa sababu Tanzania mtu akisema "naenda ustawi", jirani anaelewa anakwenda kudai matunzo ya mtoto. Ofisi ya ustawi wa jamii imelimeza neno, nasi tukakimbilia tiba.

Mkanganyiko huu unaumiza watu. Mwezeshaji anayejiona tabibu huwaambia washiriki wachore siku mbaya kuliko zote maishani mwao. Au huona rangi nyeusi akatangaza kuwa mchoraji ana huzuni, kumbe kopo la bluu limekwisha. Kidonda kinafunuliwa, saa inagonga, ukumbi unafungwa, na mtu anarudi nacho nyumbani peke yake. Wanawake wa Pwani wanaosuka ukili barazani wana njia bora: mikono ina kazi, macho yako kwenye kazi, anayetaka kusema atasema na asiyetaka ataendelea kusuka, haulizwi.

Kikundi cha watu 8 hadi 12 kinatosha, saa moja na nusu kwa wiki, wiki 10, ukumbi uleule na siku ileile. Wawezeshaji wawe wawili: mmoja aongoze sanaa, mwingine amfuate aliyetoka nje ghafla. Kabla ya siku ya kwanza, kubalianeni na kituo cha afya au mshauri nasaha atakayepokea rufaa. Tarehe ya mwisho itajwe tangu wiki ya kwanza, maana aliyekwishaachwa na watu akiachwa tena bila taarifa huumia upya. Picha ni mali ya aliyechora. Haitundikwi kwenye maonyesho bila idhini yake, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kwa hiyo bango la Jumamosi lisomeke "Sanaa kwa ustawi, karibuni". Siku atakapokuwepo mtaalamu aliyesomea, mwenye faili na anayewajibika kwa mgonjwa, hapo andikeni tiba.