Kiharusi kwa vijana: kurudi kuvua si suala la mkono peke yake

Kila inapokaribia tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, simu katika kitengo chetu cha utengamao, kinachowasaidia wagonjwa kurudia shughuli zao, huongezeka. Zamani wengi waliopiga walikuwa wakiulizia wazazi wao. Siku hizi wanapiga vijana wenyewe, wavuvi wakiwemo, na swali lao ni moja: nitarudi lini majini? Wengine huja na malalamiko kabisa, kwamba daktari amewanyima cheti cha afya au nahodha amewakataa ilhali mkono umeshapona. Nawaandikia hao pamoja na ndugu zao.

Nianze na lile linalonichosha. Kijana akiamka na mkono mzito, nyumba nzima inasema ameulalia. Anakandwa mafuta, anasubiriwa hadi jioni, kwa sababu watu wameamini kwamba kiharusi ni cha wazee. Shinikizo la damu halingoji mtu azeeke. Yapo pia matatizo ya valvu za moyo, moyo unaopiga bila mpangilio, selimundu, mshipa wa shingoni uliochanika ukuta wake, na dawa za kulevya. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na sisi tunapokea watu siku ya tatu. Kumkanda hakusaidii. Kumtoboa vidole kwa sindano, kama ule ujumbe unaozunguka kwenye simu unavyoelekeza, hakusaidii. Kumpa aspirini nyumbani kabla ubongo haujapigwa picha ni hatari, maana kama mshipa umepasuka utakuwa umemzidishia damu kuvuja. Uso umeenda upande, mkono unashuka, maneno yanakokota: mpeleke hospitali, na ushike saa dalili zilipoanza. Kama ameamka nazo, shika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kuvua. Nilikuwa na kijana wa miaka 31, mvuvi wa mshipi, miezi mitano baada ya kiharusi kilichompata upande wa kulia wa ubongo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi vizuri, na alitaka cheti siku hiyohiyo. Tukamwekea mezani mshipi, chubwi (kile kizito cha kuuzamisha) na ndoana sita tulizozikata ncha. Ndoana ya kwanza aliifunga akiibana ncha ya mshipi kwa meno, ya pili na ya tatu kwa mikono mitupu, kisha akasema amemaliza. Zile tatu nyingine zilikuwa upande wa kushoto wa meza, palepale mbele yake. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeilalia mojawapo na hakuwa na habari. Nilipomgeuza kichwa taratibu akaziona, akanyamaza kwa muda mrefu.

Macho yake hayakuwa na ugonjwa. Ubongo ndio uliokuwa umeusahau upande wa kushoto. Mezani kusahau huko ni ndoana tatu. Kwenye mashua ni kamba iliyozunguka mguu wa kushoto wakati nanga inashuka, au chombo kinachokuja kutoka upande huo. Tunaposema "bado", mara nyingi sababu ni ya namna hii, ila ndugu wanaotazama mkono tu hudhani tunamwonea.

Uchovu nao haueleweki. Uchovu wa baada ya kiharusi haulingani na kazi aliyoifanya mtu: anaweza kukaa saa mbili akishona nyavu, halafu akili ikazima kama taa. Naomba mke, mama na kaka waache kumwita mvivu. Huzuni nzito pia huwapata wengi, takribani mmoja kati ya watatu, na ina matibabu.

Jambo ambalo wavuvi hutuficha zaidi ni kifafa. Kovu la kwenye ubongo linaweza kuleta degedege miezi au hata miaka baada ya kiharusi. Nchi kavu mtu ataanguka na kuumia. Majini, akiwa peke yake, dakika chache zinatosha kumzamisha. Ukishapata hata mara moja, sema. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, ajue kwamba jeraha dogo la kisu au mwiba wa samaki litatoka damu kwa muda mrefu, hivyo avae glavu, awe na bandeji ya kukaza na asiruke kipimo cha damu. Kuhusu kuzamia, kwa pumzi au kwa mtungi, asijiamulie mwenyewe wala asiamuliwe na rafiki.

Haya yote hayamaanishi mtu akae nyumbani. Uvuvi wenyewe ni mazoezi tiba mazuri kuliko mipira ya kubinya tunayowapa: kufunga fundo, kuviringisha mshipi, kutia uzi kwenye tundu la wavu, kuvuta kamba ukiwa umekaa. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao EXCITE, ambapo watu waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma walivishwa glavu nene kwenye mkono wenye nguvu sehemu kubwa ya mchana kwa wiki 2, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walipata nafuu kuliko wenzao wasiovishwa. Walichaguliwa waliokuwa na uwezo walau kidogo wa kukunjua kiganja na vidole, kwa hiyo usimfunge ndugu yako mkono kwa nguvu kabla hajapimwa.

Kurudi kwenyewe tunakupanga kwa hatua. Kwanza ni ukingoni, umekaa, fimbo ya kuvulia ikiwa kwenye kishikio chake, mchana, saa moja tu. Kisha mashua iliyotulia pamoja na mtu anayejua kuiendesha na kuita msaada. Safari ndefu na za usiku huja mwisho, kwa sababu kukosa usingizi huamsha kifafa. Jaketi okozi livaliwe tangu nchi kavu, na usome namba zake: la nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuelea) hukusaidia kuelea tu, halijatengenezwa kumgeuza aliyezimia uso ukae juu, tafuta la 100, au 150 kwa maji ya mbali. Kama ni la kujaza upepo kwa kuvuta kamba, kamba iwe upande wa mkono wenye nguvu. Lijaribu kabla ya kulihitaji.

Kuhusu cheti, ambacho ndicho chanzo cha malalamiko mengi. Katika nchi zilizoridhia Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya uvuvi, uliopitishwa 2007 na kuanza kutumika Novemba 2017, mvuvi hafanyi kazi chomboni bila cheti halali cha afya. Mamlaka inaweza kutoa msamaha, lakini si kwa chombo cha mita 24 au zaidi, wala kwa kile ambacho kwa kawaida hukaa baharini zaidi ya siku tatu. Kwa vyombo hivyo, cheti cha mtu mzima hudumu miaka 2 isiyozidi. Kikiisha katikati ya safari, hubaki halali hadi safari ikamilike. Ukinyimwa, au ukiwekewa mipaka ya kazi, una haki ya kuchunguzwa na daktari mwingine aliye huru. Itumieni haki hiyo. Kuja kunigombeza mlangoni hakubadilishi fomu.

Adhabu huwekwa na nchi ambayo chombo kinapeperusha bendera yake, na nahodha au mwenye chombo anaweza kuwajibishwa kwa kumpakia asiye na cheti pale kinapotakiwa. Chombo kinaweza kukaguliwa hata kikiwa bandari ya ugenini. Aliyeficha kifafa kwenye fomu anaweza pia kukuta fidia yake imekataliwa siku familia inapoihitaji.

Yule kijana wa ndoana sita alirudi baada ya miezi minne, akamaliza zote. Leo anavua mchana pamoja na mwenzake. Kwenye ukingo wa kushoto wa mashua amebandika utepe mwekundu, na kabla ya kutupa mshipi hugeuza shingo hadi auone.