Kutabiri kushuka kwa presha si kupima presha

Hapa Tanga kosa hili limeshazoeleka. Mgonjwa wa figo yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, kidoleni kabanwa kifaa, skrini inaonyesha 98, na ndugu aliyemleta kutoka Muheza anapiga simu nyumbani: "Presha yake nzuri, tisini na nane." Hiyo 98 ni oksijeni. Damu iliyobaki mwilini inaweza kuwa na oksijeni ya kutosha kabisa huku namba ya juu ya presha ikiwa 80 na mgonjwa anazimia.

Kifaa hicho cha kidoleni ni sensa ya mwanga, na sensa ya aina hiyo inaweza pia kusaidia kutabiri kushuka kwa presha. Ni hivi: sensa inamulika ngozi, kila moyo ukipiga damu inajaa kidoleni na mwanga unaopenya unapungua kidogo. Mabadiliko hayo yanachora wimbi. Programu inalinganisha wimbi la sasa na la mgonjwa huyohuyo alipoanza kusafishwa, kisha inaonya.

Inaonyaje kabla presha haijashuka? Mashine inavuta maji kutoka kwenye damu, na maji yaliyojaa miguuni na kwingineko yanaingia kwenye damu kuziba pengo. Yakivutwa haraka kuliko yanavyorudi, damu inapungua, na mwili unabana mishipa ya vidole ili moyo na ubongo visikose. Wimbi linasinyaa, ilhali mkanda wa kupimia presha mkononi bado unasoma 130. Mwili ukishindwa kubana zaidi, ndipo namba ya juu inaporomoka kwa 20 au zaidi: miayo, jasho, kichefuchefu, misuli kukaza. Mkanda unaopima kila nusu saa unaweza kukuta mambo yameshaharibika.

Ila vidole vina sababu nyingine za kubana mishipa. Kiyoyozi kikali kinatosha. Hata maji ya mashine yakipozwa hadi nyuzi 35 au 36, jambo linalosaidia presha isishuke, yanaweza kusinyaza wimbi na kuleta onyo la uongo. Piko iliyokoza kwenye kucha inazuia mwanga. Bora sensa ihamie kwenye ndewe ya sikio. Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipitishie damu, uachwe.

Ndiyo maana onyo likilia, muuguzi anapima kwa mkanda palepale. Ikithibitika, anasimamisha au kupunguza uvutaji wa maji, anainua miguu ya mgonjwa, na ikibidi anampa dripu ya chumvi, mililita 100 hadi 200 kwanza. Kisha anatazama kasi ya uvutaji. Wataalamu wengi hawapendi kuvuka mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 aliyekuja na lita 4 za ziada, zikivutwa kwa saa 4, anatolewa karibu mililita 17 kwa kila kilo kwa saa. Hapo hata bila sensa hatari inaonekana.

Basi ndugu, ukiulizwa presha ya mgonjwa wako, soma namba mbili za mkanda, mfano 118 kwa 70. Ya kidoleni itaje kwa jina lake, oksijeni. Na sensa ikilia, sema presha huenda ikashuka, mwite muuguzi apime. Usitangaze kwamba imeshashuka.