Koki ya mafuta ya pikipiki ya zamani, na kwa nini huvuja

Koki ya mafuta ni ile valvu ndogo iliyo chini ya tangi, inayoruhusu au kuzuia petroli kushuka kwenye kabureta. Pikipiki nyingi za zamani hazina pampu. Mafuta hushuka yenyewe. Koki ikichoka, kinachobaki kuyazuia ni sindano ya boya ndani ya kabureta, yaani kijisindano kinachoziba njia ya mafuta kabureta ikijaa, nayo mara nyingi ni kuukuu vilevile.

Mkono wa koki huwa na nafasi tatu: kufunga, kufungua na rizevu (akiba). Rizevu si tangi la pili, kama wengi wanavyodhani. Koki ina mrija uliosimama ndani ya tangi: ukifungua, mafuta huingilia juu ya mrija; yakipungua chini ya mdomo wake, injini huanza kukatakata. Ukigeuza rizevu, huingia kwa tundu la chini.

Koki inayolowa kwa nje hujionyesha yenyewe. Ya kuogopa ni inayopitisha ikiwa imefungwa. Sindano ya boya nayo ikiwa imelegea, petroli hufurika kwenye kabureta na kupenya hadi kwenye injini. Oili ikinuka petroli, au ikipanda kuliko ulivyoijaza, usiwashe. Mwaga oili kwanza. Kupima ni rahisi: funga koki, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye kopo na usubiri. Tone likiendelea kudondoka, koki imekwisha.

Tiba hutegemea mahali panapovuja. Kati ya tangi na koki, badilisha oringi (pete ya mpira) au gasketi, na usisahau washa za skrubu, maana mafuta hupenyea hapo pia. Pembeni mwa mkono au kwa ndani, mwenye kosa kwa kawaida ni kipande cha mpira chenye matundu kilicho nyuma ya mkono: hukauka, hupasuka au huchimbika pikipiki ikikaa miaka bila kazi. Kabla ya kuweka kipya, angalia uso wa chuma unaogusana nacho. Ukiwa na mikwaruzo, usugue taratibu kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, la sivyo mpira mpya utavuja kama wa zamani. Silikoni ya kawaida usiipake. Petroli huilainisha, na vipande vyake huishia kwenye jeti, yaani vitundu vidogo vya mafuta ndani ya kabureta.

Zipo pia koki zinazofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Hizo huwa na kiwambo cha mpira, na kikitoboka, petroli hufyonzwa kupitia mpira wa hewa moja kwa moja hadi kwenye injini.

Mwaga tangi kabla ya kufungua chochote, nje, mbali na moto.