Mwani Unataka Maji Marefu

Kazi yangu ni kufuatilia afya ya mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, niko Paje au Jambiani, kipimajoto mkononi. Mara ya kwanza nilikwenda nikidhani mimi ndiye wa kuwaeleza wakulima habari ya joto la bahari. Bibi mmoja akainua kamba yake, akashika tawi kwa vidole viwili. Lilikuwa jeupe kama mfupa, likakatika palepale. "Mwanangu, hapa mchana maji yanaunguza. Sisi tumeshahama mara mbili." Nikapima. Maji yaliyosalia baada ya kupwa yalikuwa yamepita nyuzi 33.

Kilimo hiki kilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wanapigilia mambo, yaani vigingi, mchangani, wanatandaza kamba, wanafunga mbegu kwa taitai, vikamba vyembamba, na baada ya wiki kama sita wanavuna. Aina ni mbili: kuna spinosum, na kuna cottonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri. Kwa bahati mbaya ndiyo isiyovumilia joto. Maji yakikaa moto, au mvua kubwa ikipunguza chumvi, mmea hudhoofika, bakteria huingia, matawi hupauka na kumeguka. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosum, kwa malipo kidogo.

Njia ya kuiokoa cottonii ipo: kuipeleka maji marefu, kwenye kamba za kuelea zenye maboya, ambako joto halipandi kama ufukweni. Lakini shamba la ufukweni mama huliendea kwa miguu. La maji marefu linataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama hawa wamekulia kando ya bahari bila mtu kuwafundisha kuogelea. Vyombo ni vya wanaume.

Mradi mmoja niliofanya nao kazi uliwapa wanawake kamba na maboya, ukasahau chombo. Wakawa wanakodi. Siku za kuvuna zikafika, mwenye ngalawa yuko kwenye samaki wake, mwani ukakatika na kuchukuliwa na mkondo. Nilikuwamo kwenye kikao kilichopitisha bajeti ile na sikunyanyua mkono, jambo linaloniuma mpaka leo. Tangu hapo, nikisikia wanawake wanaitwa viongozi wa mabadiliko ya tabianchi, nauliza chombo kimeandikwa jina la nani, na nani anaamua kinatoka saa ngapi.

Kikundi ninachokitembelea sasa kimewaweka mabinti wawili kwenye kamati. Wamejifunza kuogelea, wamevaa suruali na mitandio yao, wanapiga mbizi na miwani kukagua fundo moja baada ya jingine. Wakipanda juu wanawaeleza wazee waliyoyaona: wapi pana mwani-pori unaozonga mbegu, wapi samaki wametafuna. Wazee wanajua pepo na mikondo, kwa hiyo kamba ihamie wapi huamuliwa na wote.

Bamvua iliyopita bibi yule aliniomba nimwachie kipimajoto. Kikundi kimeanza kuchanga fedha za chombo, na kabla ya kununua anataka mabinti wapime maji marefu msimu mzima wa kaskazi, wakati jua ni kali zaidi. Nimewaachia viwili, na daftari.