Jeni hii ina kazi gani? Majibu kutoka kwa nzi, mnyoo na panya

Siku hizi mashine husoma herufi za DNA kwa kasi kubwa. Kujua kila jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo fulani, inafanya nini mwilini ni shughuli nyingine, ngumu zaidi. Njia ya msingi ni kuharibu jeni moja, kuziacha nyingine zilivyo, kisha kuangalia kiumbe huyo amepungukiwa na nini.

Binadamu hawezi kufanyiwa hivyo, kwa hiyo wanasayansi hutumia viumbe vielelezo: hamira, nzi wa matunda, panya, samaki pundamilia, mmea wa Arabidopsis, na mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans. Huzaliana haraka, ni rahisi kuwatunza maabara, na jeni zao nyingi zinafanana na zetu. Mnyoo huyo ana urefu wa milimita 1 hivi na mwili wake hupitisha mwanga. Kwa kawaida huwa dume na jike katika mwili mmoja, na wa aina hiyo akikomaa ana seli 959 za mwili, kila moja ikijulikana ilikotoka tangu kwenye yai. Jeni ikizimwa na seli ikakosekana, mtafiti anaweza kuitaja ni ipi.

Uchunguzi unaweza kuanzia upande wowote. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, walianza na kasoro: waliwapa nzi kemikali inayobadilisha DNA, wakakagua vizazi vyao wakitafuta viluwiluwi wenye mwili uliopangika vibaya, ndipo wakafuatilia jeni zilizohusika. Matokeo yalitoka 1980, na tuzo ya Nobel ikafuata 1995. Wengine huanza na jeni wanayoijua na kuizima kwa makusudi. Kwa panya hilo liliwezekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangu 2012 mkasi wa CRISPR, yaani kifaa cha kukata DNA mahali palipochaguliwa, umeirahisisha kazi hiyo kwa viumbe wengi.

Lakini kuharibu peke yake hakutoshi. Pengine kasoro imeletwa na badiliko jingine lililojificha kwenye DNA, kwa hiyo mtafiti makini hurudisha nakala nzima ya jeni na kuona kama kiumbe anakuwa sawa tena. Na kama hakuna kilichoharibika, asiseme jeni haina kazi. Huenda kuna jeni nyingine inayoishika nafasi yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jeni ya nzi iitwayo eyeless. Ikiharibika, macho hudumaa au hukosekana kabisa. Hapo mtu angeweza kusema tu kwamba jeni hiyo inahitajika ili jicho liwepo. Mwaka 1995 kundi la Walter Gehring, huko Basel, Uswisi, liliiwasha mahali isipostahili kuwaka, na macho yakaota kwenye miguu, mabawa na vipapasio vya nzi. Kisha wakaweka jeni ya panya inayofanana nayo, Pax6. Macho yakaota tena, nayo yalikuwa macho ya nzi, si ya panya! Yaani jeni hii haibebi ramani ya jicho. Hutoa amri ya kuanza ujenzi, na jeni nyingine za nzi mwenyewe ndizo hujenga.

Sisi pia tuna PAX6. Kwa kawaida, mtu mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo huzaliwa akiwa amekosa, yote au kiasi, ile sehemu ya jicho yenye rangi inayozunguka mboni.